Fundi, habu yangu haioni kitu

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na fundi wetu wa kompyuta aliye Kisumu

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mama wa saiba hapa Luanda, kaunti ya Vihiga, ng'ambo ya soko. Laptopu yangu ina matundu mawili tu ya USB, na moja limelegea, kwa hivyo nilinunua habu ya matundu manne, kile kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa mengi, isiyo na adapta ya stima. Mausi na kibodi zinakubali. Nikichomeka diski ya nje yenye faili za wateja, taa yake inawaka, inalia tik, tik, tik, kisha Windows inaniambia kifaa hakitambuliki. Siku nyingine hata mausi inaganda papo hapo. Nilirudisha habu dukani nikapewa nyingine, mambo yakawa yale yale. Printa nayo, iliyo kwenye habu hiyo hiyo, asubuhi inachapa vizuri, ikifika mchana kompyuta inasema haipo, na mteja wa KRA, mamlaka ya kodi, amesimama hapo na pesa mkononi. Kijana mmoja ameniambia ni virusi, nimlipe afute Windows yote aweke upya. Nifanyeje?

JIBU: Mama, salamu zimefika. Huyo kijana mwambie asubiri kwanza. Virusi havilizi diski tik tik. Una magonjwa mawili tofauti, na kwa vile yote yamepitia kwenye habu, habu ndiyo imelaumiwa.

Tuanze na diski. Ule mlio ni diski inayojaribu kuamka: mota inaanza kuzungusha sahani za ndani, umeme hautoshi, inakata, inaanza upya. Usiiache ikilia hivyo huku ukitumaini itatulia. Ichomoe, maana kitakachoumia hapo ni faili za watu.

Sasa hesabu. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500 kwa volti 5. La USB 3.0, ambalo mara nyingi ulimi wake ni wa buluu au lina herufi SS pembeni, ni 900. Habu yako haina adapta, kwa hivyo inachogawa ni kile kile inachopewa na tundu moja la laptopu. Kwa kanuni za USB 2.0, habu ya namna hiyo inatengewa hadi miliampea 100 za kujiendesha yenyewe, na kila tundu lake linahesabiwa 100. Mausi inatosheka na hiyo, kibodi pia. Lakini diski ya nje isiyo na waya wake wa stima, inapoanza kuzunguka, huweza kukaribia ampea moja nzima, yaani miliampea 1000. Ugali uliopikiwa wanne, na mmoja wao ametoka kulima. Volti zinashuka, diski inashindwa, na mausi iliyokuwa imetulia inaanguka nayo. Ndiyo sababu habu ya pili haikubadilisha kitu. Zote mbili ni nzima, ila umeme hauzitoshi.

Usiniamini tu, jaribu mwenyewe. Chomoa kila kitu, kisha iwashe kompyuta upya kwa Restart, si kwa Shut down. Windows 10 na 11 zina mtindo wa kuwaka haraka, kwa hivyo ukizima kwa Shut down mara nyingi haizimiki kabisa, na ikiwaka inaweza kurudi na kasoro za jana. Halafu chomeka diski moja kwa moja kwenye lile tundu zima, kwa waya wake mfupi. Ikionekana, diski haina neno. Itoe, weka habu tupu, kisha mausi, kisha flashi, kimoja kimoja, na usiongeze kingine kabla cha kwanza hakijaonekana. Kitakachoangusha wenzake utakiona kwa macho.

Kama diski haionekani hata ikiwa kwenye laptopu yenyewe, fungua Disk Management, programu ya Windows inayoorodhesha diski zote, kabla hujaanza kulia. Wakati mwingine ipo pale imelala, imekosa tu herufi kama E au F. Ipe herufi, basi. Ikikuuliza kama uiformati, yaani uipange upya na kufuta vilivyomo, kataa kwanza, uilete kwa fundi.

Ukienda kununua, taka habu yenye tundu dogo la mviringo ubavuni pamoja na adapta yake. Adapta hiyo iandikwe volti 5, na ampea zisipungue 2 kwa habu ya matundu manne. Mwuzaji akikosa adapta yake akakupa ya ruta ya volti 12, eti pini inaingia, mrudishie. Niliwahi kuletewa habu iliyolishwa hivyo. Nilipoifungua, chipu ya katikati ilikuwa imepasuka, ina kishimo cheusi, na harufu ya plastiki iliyoungua ilibaki mezani hadi jioni. Hiyo haitengenezeki.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi, na kwa sisi wa huku ni kubwa. Stima zikipotea, laptopu yako itaendelea kwa betri, lakini adapta ya habu itazima pale pale na diski itakatika katikati ya kunakili. Ichomeke adapta kwenye UPS, lile sanduku la betri linaloshikilia stima zikipotea. Kama huna UPS, kazi nzito ya kunakili ifanye diski ikiwa kwenye laptopu yenyewe, na habu uiachie mausi na kibodi.

Printa ina waya wake wa stima, kwa hivyo shida yake si umeme. Hapo Windows ndiyo inayobana matumizi: ikiona tundu limekaa bila kazi, inalilaza, na kuna habu za bei ya chini ambazo zikishalazwa haziamki. Bofya alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Device Manager, teremka hadi Universal Serial Bus controllers. Kila palipoandikwa Root Hub au Generic USB Hub, bofya mara mbili, ingia Power Management, uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa nguvu. Laptopu nyingine hazina ukurasa huo. Kwa hizo nenda kwenye mipangilio ya umeme, Power Options, utafute USB selective suspend, uizime. Betri itaisha mapema kidogo, lakini saiba yako inaishi kwenye chaja, kwa hivyo hutaona tofauti.

Na lile tundu lililolegea, usiweke habu hapo kamwe. Likitikisika, vyote vinne vinakatika kwa pamoja. Laptopu ifunguliwe itazamwe: laptopu nyingine tundu hilo limekaa kwenye kibao kidogo cha pembeni kinachobadilishwa kwa skrubu, nyingine limechomelewa kwenye bodi kubwa na linahitaji fundi mwenye mkono mtulivu. Uliza ni lipi kabla hujakubaliana bei.

SWALI: Hujambo Fundi. Mimi ni mwalimu hapa Maseno. Nina habu ya Type-C, ile ya kichwa kidogo kinachoingia upande wowote, yenye tundu la HDMI la kupeleka picha. Flashi inasoma, chaja inapitisha, lakini projekta ya shule haipati picha. Nikiichomeka kwenye laptopu ya mwenzangu, picha inatoka bila shida. Je, nidai pesa zangu?

JIBU: Mwalimu, usimwendee mwuzaji, jibu umeshalipata kwa mwenzako. Matundu ya Type-C yanafanana kwa umbo tu. Moja hupitisha data pekee, jingine data na chaji, jingine data, chaji na picha. Habu kama yako haitengenezi picha, inaipokea tu kutoka kwa laptopu, na laptopu isiyotoa picha kupitia tundu hilo haibembelezwi kwa draiva, ile programu ya kuendesha kifaa. Tazama pembeni ya tundu: alama ya DP (DisplayPort, njia ya kupitisha picha) au ya radi yenye mshale huwa ishara njema, ingawa watengenezaji wengine hawachori chochote, ndipo unalazimika kusoma maelezo ya modeli yako. Kama laptopu ina tundu la HDMI lake yenyewe, tumia hilo. Kama ina la zamani la VGA na projekta pia inalo, waya wa VGA utakufaa kuliko habu yoyote.

SWALI: Fundi, niko Kakamega. Waya wa habu ulitafunwa na panya, nikaweka wa simu kwa sababu kichwa kinaingia. Taa ya habu inawaka vizuri lakini laptopu haisemi kitu, hata ule mlio wa kuonyesha kimechomekwa haupo. Habu imekufa?

JIBU: Hapana, bado usiizike. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyaya nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Kuna nyaya za simu za bei ya chini ambazo zimewekewa zile mbili za umeme pekee. Ndiyo maana taa inawaka na kompyuta imenyamaza, umeme unafika lakini mazungumzo hayapiti. Nunua mwingine, na usiondoke dukani kabla ya kuujaribu: unganisha simu na kompyuta ya mwuzaji kwa waya huo, kwenye simu uchague kuhamisha faili, uone kama picha zako zinafunguka.