Wadogo zangu mnaoingia kwenye umeme wa baharini, anzeni na kebo

Nimesoma ripoti zenu za mafunzo kwa vitendo, na kabla sijaandika alama nina maneno nanyi. Karibu zote zimeanza vilevile: picha ya mtambo wa upepo, urefu wa mapanga, megawati, kisha hesabu ya nyumba zitakazowaka taa. Kebo ya kuufikisha umeme huo nchi kavu mmeipa mstari mmoja chini ya "mengineyo". Waliowatangulia waliandika hivyohivyo. Nawapenda, na wengi wenu mna akili kuliko sisi tulivyokuwa umri huo, ndiyo maana sitanyamaza.

1. Anzeni na kebo, mtambo utafuata.

Mwaka 2013 Wajerumani walimaliza kusimamisha mitambo 30 ya Riffgat, karibu na kisiwa cha Borkum kwenye Bahari ya Kaskazini. Megawati 108. Mwezi Agosti ikafanyika sherehe ya uzinduzi. Mitambo ipo, upepo upo, kebo haijafika. Njia iliyopangwa kuilaza ilikuwa na mabomu na makombora ya Vita vya Pili vya Dunia, na hakuna nahodha atakayechimbua mtaro juu ya bomu. Ikabidi sakafu ya bahari isafishwe kwanza, kipande kwa kipande, huku miezi ikienda.

Sasa sikilizeni panapouma. Mtambo wa baharini hauachwi ukasimama tu ukingoja gridi. Ndani yake kuna mashine za kukausha hewa ili chumvi isile vifaa vya umeme, kuna taa za kuonya meli, na beringi zinataka kuzungushwa, la sivyo uzito wote unakaa upande mmoja na chuma kinaanza kuumia. Vyote hivyo vinataka umeme. Kwa hiyo mitambo iliyojengwa ili kupunguza matumizi ya mafuta ikawa inalishwa na jenereta ya dizeli, takriban lita 22,000 kwa mwezi, mpaka kebo ilipounganishwa Februari 2014. Upepo ulivuma miezi yote hiyo na haukuuzwa hata kwa senti. Gharama za ucheleweshaji wa namna hii sheria ya Ujerumani inazipeleka, kwa sehemu kubwa, kwenye bili ya mteja wa kawaida, yule bibi anayechemsha chai yake na asiyejua Riffgat iko wapi.

Mabomu hayakuwa kosa la mhandisi. Kosa nililotaka mlione liko kwenye ratiba. Aliyejenga mitambo alikuwa na kalenda yake, na kampuni ya gridi, ambayo kisheria ndiyo ilipaswa kuleta kebo, ilikuwa na ya kwake. Kila upande ukikagua kalenda yake unaona mambo yanakwenda. Niliposoma ripoti zenu nimeona jedwali la mtambo lenye wiki na siku, na sijaona hata moja lenye upimaji wa sakafu ya bahari kwenye njia ya kebo. Upimaji huo unafanywa mapema kabisa, kabla hamjaagiza hata boliti moja.

Wala msidhani ni mambo ya Ulaya. Kenya, mitambo 365 ya Ziwa Turkana ilikuwa tayari mwaka 2017, ikakaa ikingoja njia ya umeme ya kwenda Suswa hadi Septemba 2018, na hapo ni nchi kavu. Na walio wa Unguja hawahitaji kuambiwa. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa hitilafu ya umeme unaotoka bara kwa kebo ya chini ya bahari. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakapanga ndoo, wenye samaki wakakosa barafu. Aliyeishi miezi ile hawezi kuiandika kebo chini ya "mengineyo".

2. Mkishaitaja kebo, jueni inakatikia wapi.

Haikatiki katikati ya njia tu. Tazameni pale inapotoka kwenye nguzo ya mtambo. Mkondo wa maji ukipita kwenye nguzo unachimba mchanga miguuni pake, kwa hiyo wajenzi humwaga mawe kuzuia. Kebo inatoka ndani ya ala yake ya plastiki, inapita juu ya mawe hayo, kisha inazama mchangani. Ala ikikosa kushikwa vizuri, kila wimbi linaisogeza kidogo: inakwenda, inarudi, inasuguana na jiwe usiku na mchana. Ala inatoboka, kisha jiwe linaanza kula kebo yenyewe. Mwaka 2021 Ørsted ya Denmark ilitangaza kwamba tatizo hilo linaweza kugusa mashamba yake ya upepo hadi 10 ya baharini, na ikakadiria gharama ya kroni bilioni 3 hivi. Hiyo ndiyo kampuni yenye uzoefu kuliko karibu wote duniani. Basi mchoro wa mita chache zile uchoreni kwa mkono wenu wenyewe, msinakili wa mwaka jana.

3. Wastani wa mwaka hauendi kazini.

Mmeandika wastani wa kasi ya upepo na wastani wa kimo cha mawimbi. Fundi hapandi mtambo kwa wastani. Boti nyingi za mafundi zinagota mawimbi yakifika mita 1.5 hivi, meli kubwa zenye daraja la kutembelea zinavumilia zaidi, ila kodi yake ya siku inatisha. Kaskazini huku Ulaya upepo mzuri wa kuuza umeme unakuja majira ya baridi, wakati uleule ambao hamwezi kuufikia mtambo ulioharibika. Wavuvi wa kwetu wanalijua jambo hili bila kompyuta: kusi ikikaza, chombo kinapandishwa pwani na nyavu zinashonwa. Pangeni matengenezo yenu hivyo, kwa kuhesabu saa mfululizo za bahari tulivu katika kila mwezi.

4. Vyeti vya mafunzo ya msingi ya usalama vya GWO, shirika la kimataifa la viwango vya mafunzo ya mafundi wa upepo, vinaisha kila baada ya miaka miwili. Andikeni tarehe sasa hivi.

5. Someni bei kama mnavyosoma upepo.

Karibu fedha zote za mradi wa baharini zinatoka mwanzoni, kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa, na nyingi ni za mkopo. Riba ikipanda, mradi mzuri unakufa bila bahari kuugusa. Uingereza mwaka 2023, kwenye mnada wa mikataba ya umeme wa upepo wa baharini, iliweka bei ya ukomo ya pauni 44 kwa megawati-saa, kwa thamani ya fedha ya 2012. Hakuna mradi wa baharini ulioomba. Mwaka uliofuata ikapandisha ukomo hadi pauni 73, waombaji wakarudi. Mwaka huohuo wa 2023 miradi mikubwa ilisimamishwa Uingereza na Marekani. Mwenye kuniandikia kwamba "changamoto ni ukosefu wa elimu kwa jamii" akayaacha haya, nitamrudishia ripoti.

6. Kazi zipo, tena nyingi.

Dunia sasa ina zaidi ya gigawati 80 za upepo wa baharini, nusu yake China. Mitambo inayoelea imeshatoka kwenye karatasi: ile mitano ya Hywind, nje ya Peterhead huko Scotland, inazalisha tangu 2017, na mwaka 2024 ilifunguliwa minyororo ikakokotwa hadi Norwei kufanyiwa matengenezo makubwa. Hilo linatuhusu, maana pwani yetu kina kinashuka haraka. Ukiacha mlango wa Zanzibar na maji ya Mafia, sehemu nyingi nguzo ya kusimikwa chini haitafaa.

Ila msingoje mradi wa kwetu ndipo mjifunze. Anayetafutwa bandarini kila wiki ni fundi wa kuunga kebo za volti kubwa, na ni wachache. Kama uliwahi kushika kazi hiyo kwenye mashirika ya umeme ya ZECO, TANESCO au Kenya Power, hata kama ni kebo za mtaani, iandike juu kabisa kwenye wasifu wako, taja volti, na sema ulifanya wewe au ulimshikia fundi taa. Watauliza.