Kwa unayeanza kuratibu ubia wa mji

Siku za mwanzo utakabidhiwa faili. Ndani yake kuna hati ya makubaliano yenye sahihi nyingi, mihtasari ya vikao na orodha ndefu ya wadau: halmashauri, polisi, hospitali, shule, wafanyabiashara, asasi za kiraia, viongozi wa dini. Lisome lote, ila usidhani umeshauona ubia wenyewe. Chukua kila jina kwenye ile orodha ujiulize: huyu anafanya nini katika kazi yake ya kila siku ambacho asingekifanya kama ubia huu usingekuwepo? Majina mengi yatakosa jibu, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Mfano ninaowapa wageni wote wa kazi hii ni wa Cardiff, huko Wales. Jonathan Shepherd, daktari wa upasuaji wa uso na kinywa, alibaini kwamba sehemu kubwa ya watu aliowatibu baada ya kupigwa hawakuwemo kabisa kwenye kumbukumbu za polisi. Majeruhi wengine huogopa kisasi, wengine hawataki nyendo zao zichunguzwe, na wapo wanaoona kuripoti ni kujisumbua bure. Kwa hiyo polisi walikuwa wakipanga doria kwa ramani yenye mapengo, na wenye habari za kuyaziba walikuwa hospitalini.

Kilichofanyika ni kidogo ukikitazama. Wahudumu wa mapokezi katika kitengo cha dharura walianza kumuuliza majeruhi amepigwa wapi hasa, lini, na kwa kitu gani. Majina yakaondolewa, yaliyobaki yakapelekwa kwa polisi na halmashauri. Doria zikahamishiwa kwenye mitaa na saa ambazo takwimu za hospitali zilionyesha, na halmashauri nayo ikapata la kushika ilipozungumza na wenye kumbi za pombe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliolazwa kwa majeraha ya kupigwa walipungua Cardiff kuliko katika miji mingine iliyolinganishwa nayo.

Hospitali haikugeuka kituo cha polisi, wala hakuna aliyenyang'anywa madaraka yake. Na aliyeongezewa kazi ni mhudumu wa dirishani. Hili wageni wengi hulipita. Wanamtafuta mkurugenzi asaini, akisaini wanashangilia, kisha miezi inapita bila takwimu yoyote kufika. Mkurugenzi akishasaini, wewe shuka hadi dirishani. Kaa na yule mhudumu uone foleni yake, uone fomu yake ina nafasi ya mistari mingapi, umuulize nani atajaza siku akiwa likizo. Ukimkuta anauliza watu watatu kwa pamoja huku simu inalia, punguza maswali yako. Na usimwache gizani: mrudie umwonyeshe ramani iliyotokana na majibu aliyoyaandika. Sijaona kinachomtia mtu moyo kuliko hicho, na hakina gharama.

Hapohapo niseme kuhusu taarifa, maana ubia mwingi hukwama hapa. Ukiiandikia taasisi barua ya kuomba "ushirikiano wa taarifa", mwanasheria wao atakataa, na atakuwa sahihi, kwa sababu hajui unataka nini. Omba vitu vitatu vinavyotajika, visivyo na majina ya watu, na uandike nani atavisoma na vitahifadhiwa kwa muda gani. Ombi dogo hupita. Likishazoeleka, la pili huwa jepesi.

Jambo jingine ni mpaka wa kazi. Penye wengi hapaharibiki neno, sawa, lakini penye wengi pia kila mmoja hudhani mwenzake ameshalifanya. Dawa yake niliipenda pale niliposoma habari za Orangi, makazi makubwa yasiyo rasmi ya Karachi, Pakistan. Mradi ulianzishwa mwaka 1980 chini ya Akhtar Hameed Khan, na shida iliyojitokeza mbele ya nyingine ilikuwa maji taka. Badala ya kuomba serikali ifanye kila kitu, au kuwabebesha wakazi kila kitu, kazi iligawanywa kwa ngazi: choo cha ndani ya nyumba, bomba la kichochoro na mfereji wa kukusanya wa mtaa vikawa vya wakazi kugharimia na kusimamia, mfereji mkuu na mtambo wa kusafisha vikabaki vya serikali. Wakazi wa kichochoro kimoja walimchagua mtu wao wa kukusanya michango, na mradi ukatoa ramani, vifaa na mafundi wa kuelekeza. Pesa ya kujenga haukutoa.

Uzuri wa mgawanyo huo ni kwamba mtu yeyote angeweza kuonyesha kwa kidole mahali wajibu wake unapoishia. Fanya hivyo kwenye ubia wako, na ukifanya, usiishie kwenye ujenzi. Uliza nani atalipia matengenezo na kutoka fungu lipi la bajeti. Swali hili litaleta ukimya kwenye kikao. Uache ukimya udumu, usikimbilie kuujaza. Ila ujue pia ugumu wa Orangi: mabomba mengi ya wakazi yalimwaga kwenye mikondo ya maji ya asili, kwa kuwa upande wa serikali haukwenda kwa kasi ileile. Kwa hiyo anayesubiriwa na wengine ndiye wa kufuatiliwa zaidi, hata kama ndiye mwenye cheo kikubwa mezani.

Utasikia sana neno ushirikishwaji. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani, aliupanga ushiriki wa wananchi katika ngazi yenye vidato 8, akaweka kuombwa maoni kwenye kidato cha 4 na ubia kwenye cha 6. Kinachotenganisha viwili hivyo ni uwezo wa kukataa. Kama wakazi wanaweza kusema hapana na mpango ukabadilika, ni ubia. Kama haubadiliki, waambie waziwazi kwamba unaomba maoni tu. Watakuheshimu kuliko ukiwapamba kwa jina la wabia.

Kuhusu vikao, maneno machache yanatosha. Viwe vifupi, muhtasari utoke mapema ukiwa na jina la mtu kando ya kila kazi, si jina la idara. Taasisi ikikutumia mwakilishi asiye na mamlaka ya kuamua, usimfukuze, ila mwandikie bosi wake orodha ya maamuzi yatakayofanywa ili amtume akiwa na majibu. Posho imalize mjadala wake kabla ya kikao cha kwanza, iwe ipo au haipo.

Halafu watu huhama. Ofisa aliyekuelewa atapandishwa cheo, diwani atashindwa uchaguzi, meneja atastaafu. Usingoje barua ya kuaga. Ubia ukiwa bado mchanga, omba kila taasisi ilete watu wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikiliza, na huyo wa pili mpe kazi ndogo ya kweli mapema: ahakiki takwimu za mwezi, au aende kukagua mtaro na kuandika alichokikuta. Mkuu wake akiondoka, utakuwa unampigia simu mtu anayejua tayari faili liko rafu gani.