Maswali ya Wasomaji kwa Fundi: Mota ya vali ya ekzosi, iondolewe au ibaki?

SWALI

Jambo sana, Baba Fundi. Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na nina pikipiki Yamaha YZF-R6 ya mwaka 2008 ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, ikaletwa kwa lori kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Kasumbalesa. Tangu mvua zianze, kila ninapofungua ufunguo ninasikia mkwaruzo mfupi ndani ya pikipiki, kisha taa ya injini inawaka na namba 18 inatokea kwenye dashibodi. Fundi wa mtaani kwetu amesema tatizo ni mota ndogo inayovuta kebo za ekzosi, kwamba mota hiyo haina kazi yoyote, na kwamba ataing'oa na kukata nyaya zake kwa muda wa nusu saa tu. Rafiki yangu mwenye pikipiki kama yangu alifanyiwa hivyo, na tangu siku ile taa yake haijazimika. Je, nimruhusu? Na kama mota inaweza kuondolewa, iondolewe kwa njia gani?
Msomaji wa Katuba

JIBU

Ndugu yetu wa Katuba, ninakuomba usimruhusu mtu yeyote akate hata waya mmoja kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Mota hiyo inaweza kuondolewa, na nitakueleza namna ya kuiondoa bila kuharibu kitu, lakini kwa dalili ulizoziandika ninaamini kwamba mota yako ni nzima, na kwamba kilichoshikwa ni vali inayovutwa na mota hiyo. Katika R6 za miaka hiyo, namba 17 huonyesha hitilafu katika njia ya umeme ya mota ya vali ya ekzosi, na namba 18 huonyesha kwamba mota imeamriwa kuzunguka ikashindwa. Mkwaruzo unaousikia ni mota inayojitahidi kuvuta kitu kilichokataa kuvutika. Mtu akiondoa mota kwa sababu hiyo, amemwondoa mfanyakazi kazini kwa kosa la mlango uliokwama.

Fundi wako amekosea pia aliposema kwamba haina kazi. Ndani ya bomba la ekzosi mna bamba dogo lililofungwa juu ya mhimili, nalo huzunguka likafungua au kubana njia ya moshi. Yamaha walilianzisha katika miaka ya 1980 kwa jina la EXUP na wakaliweka kwenye R6 kuanzia toleo la mwaka 2006. Suzuki wana mfumo wa namna hiyo hiyo wanaouita SET, na kampuni nyingine nyingi zinazotengeneza pikipiki za mwendo kasi zina wa kwao. Sababu ya kuwapo kwake ni hii: kila silinda inapotoa moshi, wimbi la msukumo husafiri ndani ya bomba, hufika mwisho, kisha hurudi nyuma kuelekea injini. Injini inapozunguka kwa kasi kubwa, bomba lililopimwa vizuri huyafanya mawimbi hayo yarudi kwa wakati unaofaa na kusaidia kufyonza moshi uliobaki. Lakini injini inapozunguka polepole, mawimbi yale yale hurudi wakati mbaya, vali ya kuingiza hewa ikiwa imeanza kufunguka na ile ya kutoa moshi ikiwa haijafunga bado, yakasukuma moshi mchafu urudi ndani ya silinda. Vali ya ekzosi ikibanwa kiasi, wimbi hilo baya hudhoofika, na ndiyo maana pikipiki huvuta vizuri kutoka chini na katikati. Mizunguko ikipanda, kompyuta ya injini huamuru mota ifungue vali yote. Kubana huko kumewasaidia watengenezaji pia kufaulu vipimo vya kelele, na pengine hapo ndipo lilipozaliwa neno kwamba vali ni ya kelele tu.

Kwetu Lubumbashi jambo hili lina uzito zaidi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina msukumo pungufu kwa zaidi ya asilimia 12 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo injini isiyo na turbo imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake kabla hujatoka nyumbani. R6 ni pikipiki ambayo nguvu yake iko juu sana kwenye mizunguko. Ukiinyang'anya na ile nguvu kidogo ya katikati, utaihisi ikilegea kila unapoondoka kwenye njia panda. Ninalisema hili kwa sababu nimeziendesha zilizofanyiwa hivyo, na wenye pikipiki wakaja kwangu wakidhani kabureta ni chafu, ilhali pikipiki hizo hazina kabureta.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Anza na pikipiki iliyopoa kabisa, toa kiti, toa waya hasi wa betri, kisha tafuta mota kwa kufuata kebo mbili zinazotoka kwenye puli iliyoko kando ya bomba la ekzosi. Popote zinapoishia ndipo mota ilipo, na kwa pikipiki nyingi utalazimika kunyanyua tangi au kuondoa baadhi ya plastiki ili uifikie. Kebo moja hufungua na nyingine hufunga. Kabla hujagusa nati yoyote, zitie alama za rangi mbili tofauti upande wa mota na upande wa vali, na upige picha kwa simu, kwa maana ukizibadilisha, vali itafunga pale inapotakiwa kufungua. Hilo ni kosa lisiloonekana kwa macho, na humsumbua fundi siku nzima.

Legeza nati za kufungia virekebishi kwenye puli ya vali, zungusha virekebishi mpaka kebo zilegee, kisha chomoa vichwa vya kebo kutoka kwenye puli hiyo. Kebo zikiwa zimetoka, zungusha puli ya vali kwa vidole. Hapa ndipo utakapopata jibu la swali lako. Ikizunguka kwa wepesi kutoka mwanzo hadi mwisho, vali ni nzima na ni mota au kebo zinazotakiwa kuchunguzwa. Ikikataa, au ikienda robo ya njia ikasimama, umemkuta mwizi. Vumbi letu jekundu la kiangazi huingia kwenye ncha za mhimili, mvua za Novemba zikaja zikalilowanisha, masizi ya ndani na kutu ya nje vikakutana hapo, na pikipiki iliyokaa miezi kadhaa bandarini na njiani bila kuwashwa ndiyo inayoshikwa upesi kuliko zote.

Vali iliyoshikwa haitaki nguvu, inataka subira. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye ncha zote mbili za mhimili, uache usiku kucha, kisha asubuhi izungushe kidogo kidogo kwenda na kurudi, ukiongeza mafuta kila inapokubali kusogea. Usiingize bisibisi kwenye puli ukaikandamiza kama wenzo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa bado kijana wa kazi, nilivunja puli ya mteja kwa namna hiyo, nikafanya kazi wiki kadhaa bila malipo ili kuifidia, na puli yenyewe haikupatikana mjini. Vali ikikwisha kulegea, isafishe masizi na utie grisi inayostahimili joto kali, ile yenye shaba, kwa sababu grisi ya kawaida itaungua na kugeuka masizi mapya. Pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu kwa ajili ya kuondolewa mota huondoka na mota yake baada ya hatua hii.

Usiizungushe kwa mkono puli iliyoko kwenye mota. Ndani ya mota mna gia ndogo za kupunguza mwendo, na gia hizo zimetengenezwa kuzungushwa na mota, si kuizungusha. Ukilazimisha, meno yatakatika. Ukitaka kuipima, kebo zikiwa zimetolewa, rudisha waya wa betri na ufungue ufunguo bila kuwasha injini: mota isiyo na hitilafu itazunguka kwenda na kurudi mara moja, maana kompyuta huipima kila ufunguo unapofunguliwa. Ikizunguka vizuri bila kebo na ikashindwa ikiwa na kebo, tatizo liko kwenye kebo au kwenye vali. Isipozunguka kabisa, angalia plagi yake, yaani kiungio cha nyaya zake, kama ina ukijani wa kutu kabla hujaihukumu mota.

Ikiwa baada ya haya yote mota imethibitika kuwa imekufa, au umefunga bomba lisilo na vali, basi kuiondoa ni kazi nyepesi: chomoa vichwa vya kebo kwenye puli yake, bonyeza kifungio cha plagi na kuitenganisha bila kuvuta nyaya, legeza skurubu za kishikizo, uitoe. Ugumu uko kwenye mambo mawili yanayofuata, na ndiyo ambayo fundi wa rafiki yako hakuyafikiria.

La kwanza ni vali yenyewe. Ukiondoa mota na kebo ukaiacha vali ndani ya bomba, ni lazima uifunge katika hali ya kufunguka kabisa na kuhakikisha haitasogea, kwa kuikaza puli yake kwa waya wa chuma cha pua uliosokotwa mara mbili au kwa kibamba kilichofungwa kwa skurubu. Kamba ya plastiki itayeyuka siku ya kwanza. Vali iliyoachwa huru hucheza kwa mtikisiko na moshi, hula mhimili wake, na siku moja itasimama ikiwa nusu imefungwa. Hapo injini itakosa pumzi kwenye mizunguko ya juu na bomba litapata joto kupita kiasi.

La pili ni kompyuta. Plagi ya mota hiyo kwa kawaida ina nyaya tano: mbili huipa mota umeme wa kuzunguka, na tatu ni za kihisi kidogo kinachoieleza kompyuta puli imefika wapi, kikitumia umeme wa volti 5. Kompyuta huamuru mota izunguke, kisha hungoja kuona volti za kihisi zikibadilika. Zisipobadilika, inaandika kosa na kuwasha taa. Taa ya rafiki yako haiwaki kwa sababu ya kukosa mota. Inawaka kwa sababu kompyuta inauliza na hakuna anayeijibu. Tena hilo ni hatari, kwa kuwa taa inayowaka siku zote haiwezi kukuonya siku kitu kikubwa kitakapoharibika.

Njia ninayoipenda kwa mwenye R6 ambaye mota yake bado inazunguka ni kutoa kebo peke yake na kuiacha mota mahali pake ikiwa imechomekwa. Itaendelea kuzunguka bila mzigo kila unapofungua ufunguo, kompyuta itaona volti zikibadilika, na taa itabaki imezimika. Utakuwa umebeba uzito mdogo usio na faida, lakini siku utakapotaka kuiuza pikipiki au kurudisha bomba la kiwandani, kila kitu kipo. Mota ikiwa imekufa, utahitaji kisanduku kidogo cha elektroniki kinachochomekwa kwenye plagi ile ile na kuiga majibu ya mota. Kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya modeli yako na mwaka wake, maana plagi na volti hutofautiana.

Ukirudisha kebo baada ya kusafisha, zirekebishe zisiwe zimelegea wala zisiwe zimekazwa kama uzi wa gitaa, ukifuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, kisha ufungue ufunguo na uitazame puli ya vali kwa macho yako ikienda na kurudi yote.

SWALI

Baba Fundi, mimi niko Kampemba. Suzuki GSX-R750 yangu ya mwaka 2008 ina bomba jipya lisilo na vali, nayo inaonyesha C46. Mtu mmoja anataka kuniuzia rezista, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme, ya kuchomeka kwenye plagi ya mota. Itanisaidia?
Msomaji wa Kampemba

JIBU

Ndugu wa Kampemba, C46 kwa Suzuki ndiyo hitilafu ya mota hiyo ya vali ya ekzosi. Rezista moja hutoa volti zisizobadilika, ilhali kompyuta inataka kuona mwendo, kwa hiyo usitoe fedha yako kabla haijajaribiwa palepale kwenye pikipiki yako, ufunguo ukifunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Kama mota yako ya asili bado unayo, ichomeke kwanza bila kebo na uangalie: baadhi ya pikipiki huridhika na nyingine hukataa kwa kuwa mota inapozunguka bila kebo haikomei pale kompyuta inapotarajia. Ikikataa, nunua kisanduku cha kuiga cha modeli yako. Na plagi yoyote inayobaki wazi, izibe kwa utepe wa umeme na kuifunga ikiwa imeelekea chini, mvua isiingie.