Fumbo la maneno lisilo na visanduku vyeusi

Dada wa Tukuyu, umeuliza uanzie wapi fumbo likiwa na mistari minene tu, bila visanduku vyeusi. Mistari hiyo ndiyo mipaka ya maneno. Tena ni neema, maana herufi nyingi hukutana na neno jingine, hivyo jibu moja hukupa mwanzo wa mengine kadhaa. Tazama kisanduku cha mwisho: Kiswahili karibu daima humalizia kwa irabu.

Kisha chambua kidokezo. "Mali iliyovurugwa, tifua ardhi (4)": 4 ni idadi ya herufi za jibu, na "iliyovurugwa" inakuagiza upange upya herufi za "mali". Utapata mila, imla, lami na lima. Maana ya kutifua ardhi inabakiza lima. Nakusihi, tumia penseli mpaka neno linalokatiza likubali.