Maswali na Majibu: Nyuso za Fayum na Miili Yake

Tangu nilipogusia nyuso za Fayum, yaani picha za watu zilizochorwa hasa kwenye mbao na kufungwa juu ya maiti zao katika Misri ya Warumi (Fayum ni eneo la Misri), maswali yamefurika. Nimechagua haya. Yanayouliza kama wale watu walitoka sayari nyingine nimeyatupa.

Nimeona mtandaoni "uso wa Fayum" unauzwa dola 900. Muuzaji anasema ni binti wa Cleopatra. Ninunue? (Msomaji, Mombasa)

Usinunue. Hilo la Cleopatra ni porojo kongwe. Cleopatra alikufa mwaka 30 K.K., Octavian wa Rumi alipoitwaa Misri, na desturi ya kuchora nyuso hizi ilishika karne ya 1 B.K. Aliyeinadi porojo yenyewe kwa kishindo ni Theodor Graf, mfanyabiashara wa Vienna. Mwaka 1887 makaburi ya er-Rubayat, huko Fayum, yalipofukuliwa, alinunua nyuso kwa wingi, akazizungusha Ulaya na Marekani akidai nyingine ni za ukoo wa kifalme wa Ptolemy, ukoo wa Cleopatra. Bei ikapanda. Mbao ziling'olewa kwenye sanda, maiti zikatupwa, na pamoja nazo yakapotea majina, umri, na hata kaburi lenyewe lilikokuwa. Leo nyuso zinazojulikana zinakaribia 1,000, lakini zilizobaki juu ya miili yake ni chache mno.

Sasa huyo muuzaji wako. Ama amechora jana juu ya ubao wa jeneza la kale, mbinu inayojulikana sana, ama anauza mali ya wizi. Sheria ya Misri namba 117 ya mwaka 1983 imefanya mambo ya kale kuwa mali ya taifa na kupiga marufuku biashara yake. Muulize: kilitoka Misri mwaka gani, na hati iko wapi? Akikwambia "ni mali ya familia moja ya Ulaya" halafu karatasi hana, achana naye. Najua kuna atakayenijibu kuwa makumbusho makubwa nayo yalinunua hivyohivyo. Yalinunua, ndiyo, na yana maswali ya kujibu.

Wale watu walikuwa Wazungu au Waafrika? (Wengi, kwa maneno yaleyale)

Walikuwa wakazi wa Misri. Wanajeshi wa Kigiriki walipewa mashamba Fayum na wafalme wa Ptolemy karne kadhaa kabla, wakaoana na wenyeji. Meno ya waliozikwa Hawara, makaburi mengine ya Fayum, yamechunguzwa, yakaonekana kufanana na ya Wamisri wa zamani zaidi. Majina mengi ni ya Kigiriki, mitindo ya nywele ni ya Rumi, mazishi ni ya Misri. Atakayeniandikia tena kuhusu rangi ya ngozi aanze kwa kutaja picha moja anayoijua kwa jina.

Kama ni picha ya Kirumi, Anubis, mungu wa Misri wa mazishi, anafanya nini hapo? Si kuchanganya dini huko? (Msomaji, Dodoma)

Ukiuona uso peke yake ndani ya fremu, utauliza hivyo. Mtazame Artemidoros, aliyefukuliwa Hawara na Flinders Petrie, mwanaakiolojia Mwingereza, mwaka 1888, ambaye sasa yuko British Museum. Huyu hakutenganishwa na picha yake. Uso ni wa kijana mwenye shada la dhahabu kichwani, kachorwa kwa mtindo wa Rumi. Shuka macho: mwili wote umefunikwa ganda jekundu, na juu yake michoro ya dhahabu. Anubis anaihudumia maiti kitandani, na miungu wa kike Isis na Nephthys wapo. Kifuani kuna maandishi ya Kigiriki ya kumuaga kwa jina, na fundi amekosea tahajia! Picha za CT, mashine inayoona ndani ya mwili, zinaonyesha mifupa ya eneo la pua imevunjika bila dalili ya kupona.

Ukikata ubao ule ukautundika, unabaki na kijana mzuri wa Kirumi. Anubis hayupo, jina halipo, pua iliyovunjika haipo. Nani angejua kwamba familia yake ilimtaka avuke na miungu ya Misri, akiwa amenyolewa na kuvikwa kwa mtindo wa mjini? Hawakuona wanachanganya kitu. Swali hilo ni letu.

Rangi zimedumuje? (Msomaji, Bujumbura)

Mchanga mkavu, na nta ya nyuki iliyochanganywa na rangi. Nyingine zilichorwa kwa rangi za gundi, nazo huonekana kavu zaidi na bapa.

Zilichorwa mtu akiwa hai? (Msomaji, Kisumu)

Baadhi, inaelekea. Petrie alikuta Hawara picha iliyokuwa bado ndani ya fremu yake, na mbao nyingine zimekatwa pembe ili zienee kwenye sanda, ishara kwamba zilikuwa na kazi nyingine kabla. Ila msihitimishe kwamba kila kijana mchangamfu alichorwa ujanani akazikwa mzee. Zama zile watu walikufa wadogo.

Ni kweli Ulaya walikuwa wanakula maiti za Misri? (Msomaji, Lubumbashi)

Kweli kabisa. Wauza dawa walizisaga wakauza unga wake kama tiba kwa karne kadhaa, na wachoraji wakatengeneza rangi ya kahawia kutokana nazo. Bibi zetu walipotutisha na mumiani, walikuwa na hoja.

Picha zote zimetoka Fayum? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Nyingine zimetoka Antinoopolis, mji aliouanzisha Kaizari Hadrian mwaka 130, nyingine Saqqara, makaburi ya kale karibu na Cairo, alikozipata msafiri Mwitaliano Pietro della Valle mwaka 1615, na kwingineko. Jina la Fayum limeganda tu. Muuzaji akiandika "Fayum" bila kutaja kaburi wala mchimbaji, hajakwambia kitu.

Pwani yetu ilihusika vipi na Misri hiyo? (Msomaji, Tanga)

Kwa biashara. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mtu wa Misri, unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, jina la kale la pwani hii ya Afrika Mashariki, lenye pembe za ndovu kwa wingi na magamba ya kasa. Habari za mazishi hazimo. Ukitaka tuzungumzie pembe za ndovu, uliza hilo, nitakujibu kwa kirefu.