Tunasikia harufu, hatujisikii

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi: "Mwanangu wa darasa la sita aliandika kwenye insha, 'Mama alisikia harufu ya gesi jikoni.' Mwalimu akalikata neno 'alisikia' kwa kalamu nyekundu, akaandika 'alinusa', na pembeni akaongeza kwamba harufu haina sauti. Je, mwalimu yuko sahihi?"

Hayuko sahihi, na mtoto arudishiwe alama yake. Kunusa ni kazi anayoifanya mtu kwa kukusudia: anasogeza pua, anavuta pumzi. Harufu ya kusikia humjia mtu mwenyewe, akiwa anamenya vitunguu zake. Ni tofauti ileile ya kusikiliza na kusikia, ya kutazama na kuona. Gesi ya kupikia karibu haina harufu yoyote. Hutiwa kemikali inayonuka makusudi, ili ikivuja mama aisikie bila kwenda kuunusa mtungi. Mtoto ameeleza sawasawa kilichotokea jikoni.

Kama mwalimu anaona kusikia ni kazi ya sikio tu, anieleze wahenga walikuwa na maana gani waliposema sikio la kufa halisikii dawa. Dawa ina sauti gani? Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu na usingizi. Wengine huona baridi na huona kiu, nao hawajakosea. "Hisi" tumelipata kwa Waarabu, "sikia" ni letu la Kibantu; asili yake inatosha hapo.

Tena mwili wenyewe unamtetea huyo mtoto. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ya pua na ya sikio hupeleka ubongoni mapigo ya umeme ya namna moja. Mwanasayansi Edgar Adrian wa Cambridge, Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba kichocheo, yaani kile kinachoiamsha neva, kikizidi nguvu, pigo la neva halikui. Yanayoongezeka ni mapigo kwa kila sekunde. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Harufu inakuwa harufu, na mlio unakuwa mlio, kwa sababu ya mahali neva inapofikia ndani ya ubongo. Fumba jicho, ulibonyeze taratibu pembeni kwa kidole: utaona mwanga, ingawa kilicholigusa ni kidole. Neva ya jicho haijui kupeleka habari nyingine. Basi lugha iliyotumia kitenzi kimoja kwa habari nyingi zinazoingia mwilini isiitwe maskini.

Kalamu nyekundu ingekuwa na kazi ya maana zaidi kwingine. "Najisikia baridi." "Najisikia njaa." "Najisikia furaha kuwa nanyi jioni hii." Na baya kuliko yote: "Jisikie huru."

Juzi nimepata barua ya ofisi moja ninayoidai majibu kwa miezi minne. Majibu hayamo. Chini kabisa wameandika: "Tafadhali jisikie huru kuwasiliana nasi." Nimeisoma mara tatu, na kila mara hasira ilipanda upya. Hiyo "-ji-" ina kazi yake: inamrudishia mtendaji tendo lake. Aliyejikata amekata mwili wake mwenyewe, aliyejipaka mafuta ameyapaka kwenye ngozi yake. Nikijisikia, basi ninachokisikia ni mimi. Na Kiswahili kilishaamua zamani jina la mtu anayejigeuzia milango yake ya fahamu: anajiona, anajisikia. Uliza Dar es Salaam maana ya "yule dada anajisikia". Utaambiwa ana maringo, hasalimii watu. Kwa hiyo ofisi inayonidharau inaniomba niringe, tena niringe kwa uhuru! Sentensi hiyo imehamishwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, wakati "usisite kutuandikia" ipo, fupi na ya heshima. Washereheshaji nao wanatuambia ukumbini "jisikieni nyumbani". Bibi aliyekukaribisha mkekani hakukutaka ujisikie chochote. Alisema "karibu, hapa ni kwenu", akakusogezea sahani.

Baridi haikutoka kwangu hata nijisikie. Imetoka nje, ikagusa ncha za neva zilizo kwenye ngozi, nazo zikapeleka habari. Tazameni pilipili. Tangu lini hatujui kusema kwamba inawasha, kwa kitenzi kilekile cha moto na taa? Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake huko San Francisco, Marekani, walitambua kwamba kipokezi, yaani kilango cha neva cha kupokelea habari, kinachofunguliwa na ukali wa pilipili ndicho hichohicho kinachofunguliwa na joto la nyuzi 43 na zaidi. Mwaka 2021 alipata Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Ulimi uliotafuna pilipili unapeleka ubongoni habari ya moto, na Waswahili walikuwa wakisema hivyo kabla ya maabara. Methali inauliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Haiulizi kwa nini unajisikia pilipili.

Ziko habari ambazo mwili huzipata juu yake wenyewe, sikatai. Fumba macho, kisha gusa ncha ya pua kwa kidole. Kidole kinafika, kwa kuwa misuli ina vipokezi vinavyoueleza ubongo mkono uko wapi. Hapo "kujisikia" kungekuwa na hoja. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nimechoka, swali la wauguzi "unajisikiaje leo?" naliacha lipite. Mgonjwa anaulizwa habari za mwili wake, na kitandani si mahali pa kumfundisha sarufi.

"Jisikie huru" silipitishi. Ile barua nimeijibu: nimewakumbusha tarehe niliyoanza kuwadai, na chini ya sahihi yangu nimeandika, "Msisite kunijibu."