Madoa ya Kanga: Namna ya Kujaribu Vifaa Kabla ya Kazi ya Mwisho

Mwanafunzi wa sanaa akiambiwa achague mnyama mmoja na ajaribu vifaa mbalimbali vya kumchora, mara nyingi hukimbilia simba au tembo. Sisi tunampendekeza kanga, yule ndege wa madoa. Kwanza anafugwa, vijijini na hata pembezoni mwa miji, kwa hiyo unaweza kumchora akiwa mbele yako badala ya kunakili picha ya kwenye simu. Pili, mwili wake unakupa swali la kufanyia kazi: yale mamia ya madoa meupe juu ya manyoya ya kijivu kilichokolea utayapataje? Unaweza kuiacha nyeupe ya karatasi ibaki, unaweza kuitoa baada ya kuweka nyeusi, au unaweza kuiweka juu ya nyeusi. Kila kifaa kina jibu lake. Mwanafunzi asiye na swali la namna hii hujaza karatasi kwa mkaa, kahawa na rangi ya maji, akaishia na picha kadhaa za ndege yuleyule ambazo hazimwambii lolote kuhusu vifaa vyenyewe.

Kabla ya kugusa kifaa chochote, okota unyoya bandani. Utaona madoa yamepangwa kwa safu, huku na huku ya uti wa unyoya, na katikati ya doa na doa kuna vistari vyembamba mno ambavyo ukiwa mbali huonekana kama kijivu tu. Madoa ya shingoni na mabegani ni madogo, ya ubavuni ni makubwa, na kwenye manyoya marefu ya bawa huungana yakawa michirizi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia: madoa hutawanywa sawasawa mwili mzima, yote ya ukubwa mmoja, na ndege anakuwa bapa. Fuata safu za manyoya. Mwili unapopinda kuelekea ukingoni, doa la duara ligeuke yai, na nafasi kati ya madoa ipungue. Ukipatia hilo kwa penseli tu, umbo tayari limesimama.

Kwa majaribio, chukua karatasi nene ya A3, walau gramu 200, maana nyembamba itajikunja ikilowa. Ichore miraba 8 ya sentimita 10, minne juu na minne chini. Chini itabaki nafasi ya kama sentimita 9. Hiyo ni ya maelezo. Katika kila mraba chora kipande kilekile: safu tatu za manyoya ya ubavuni, si ndege mzima. Andika umetumia nini, kwa kipimo gani, na kimechukua muda gani kukauka. Mwalimu anayesahihisha atayasoma maelezo hayo kwa makini kuliko unavyodhani.

Kifaa cha kwanza ni nta ya mshumaa mweupe na wino. Yeyusha nta kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto. Nta ikizidi joto huanza kutoa moshi na inaweza kuwaka, na ikiwaka usiimwagie maji, funika kwa mfuniko. Chovya kichwa cha msumari au ncha butu ya kijiti, kisha gusa karatasi mara moja. Nta ikiwa na joto la kutosha, doa linaonekana kama limelowa na kupenya karatasi. Likikaa juu likiwa jeupe kama chaki, limepoa, na wino utapita chini yake. Kijiti hupoa haraka, kwa hiyo chovya kila baada ya doa moja au mawili. Halafu paka wino uliochanganywa na maji, kipimo kimoja cha wino kwa vitano vya maji, acha ukauke, kisha rudia kwa wino mzito zaidi. Vitone vya wino vitabaki juu ya nta. Vifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga pasi, la sivyo vitayeyuka pamoja na nta na kuchafua madoa yote. Pasi ipite juu ya magazeti mawili matatu, ukibadilisha gazeti kila linaponyonya nta. Kivuli kidogo cha mafuta kitabaki kwenye karatasi. Kwa kanga kinafaa, kwa sababu kinakoleza kijivu.

Jiki ni kinyume chake: unaanza na nyeusi, kisha unatoa nyeupe. Hapa aina ya wino ndiyo kila kitu. Wino mweusi wa kalamu ya kujaza hufifia kwa jiki na kuacha rangi ya dhahabu au karibu nyeupe. Wino wa India una masizi ndani yake na jiki haiufanyi chochote, hata ukimimina chupa nzima. Wanafunzi wengi huamini jiki yao ni mbovu kumbe wamenunua wino usiofaa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Jiki tupu hutoa doa jeupe zaidi. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji unapata kahawia ya dhahabu inayofaa kwa vile vistari vya katikati. Weka kwa kijiti au kalamu ya kuchovya, usitumie brashi ya manyoya kwa sababu itaoza. Baada ya dakika moja kausha kwa karatasi ya chooni, kisha gusa sehemu hiyo kwa maji safi, maana jiki inayobaki huendelea kuila karatasi na kuifanya manjano. Fungua madirisha, vaa glovu, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya usafi: mvuke wake ni sumu.

Njia ya kukwangua tutaipitia haraka. Paka krayoni nyeupe kwa nguvu mpaka karatasi isionekane, juu yake paka rangi nyeusi ya maji iliyotiwa matone mawili au matatu ya sabuni ya kuoshea vyombo ili ishike kwenye nta. Ikikauka, kwangua kwa msumari. Ni nzuri kwa vistari, lakini kwa madoa ya duara haifai sana, kwani kila doa linatoka na ukingo uliochanika.

Kwa kuchapa, tumia soli ya ndala zilizochakaa. Ikate, isugue kwa msasa laini mpaka iwe tambarare, kisha bonyeza madoa kwa ncha ya kalamu. Kila kishimo hakitapata rangi na kitatoka cheupe. Badilisha kalamu na kijiti kinene unapohitaji doa kubwa. Kosa la kawaida ni rangi nyingi kwenye rola: inajaza vishimo na kanga anatoka mweusi tii. Sikiliza rola ikizunguka kwenye kioo. Mlio wa kunatanata ni dalili ya rangi nzito, mlio mwembamba kama wa karatasi ikisuguliwa ndio unaotakiwa. Rangi ya maji hukauka kabla hujamaliza kupaka, hivyo itie matone machache ya glaiserini. Sugua nyuma ya karatasi kwa mgongo wa kijiko. Na kumbuka picha itatoka imegeuka: kanga anayetazama kushoto kwenye soli atatazama kulia kwenye karatasi.

Njia ya kuweka nyeupe juu ina mizizi Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na madoa ni alama mojawapo ya mtindo uliobeba jina lake. Paka upande laini wa ubao, acha nyeusi ikauke siku nzima, kisha weka madoa kwa kichwa cha msumari. Rangi ikizidi thina, doa linatambaa. Ikiwa nzito mno, linaacha mkia unapoinua msumari. Lipate doa linalobaki duara na kuinuka kidogo ukilipapasa baada ya kukauka. Ubao ulale mezani mpaka mwisho, kwa sababu ukiusimamisha mapema madoa yote yatachuruzika.

Kichwa kinahitaji kifaa kingine. Pale hakuna manyoya ya maana: ni ngozi tupu ya buluu, vishungi vyekundu na pembe ya mfupa juu. Wino hauwezi kuonyesha tofauti hiyo peke yake. Chaki za rangi zikisuguliwa kwa kidole hutoa ngozi vizuri, na pembe inapendeza kwa kahawa nzito isiyo na sukari, kwani sukari huifanya inate na kuvuta sisimizi.

Unapochagua kwa ajili ya kazi ya mwisho, chukua vifaa viwili tu, kimoja cha mwili na kimoja cha kichwa. Tungekuwa sisi, tungechukua nta na wino kwa mwili, kwa sababu madoa yake yana ukubwa unaotofautiana kama ya ndege mwenyewe, na chaki kwa kichwa, ila chaki ipakwe baada ya pasi. Ikipakwa mapema, nta iliyoyeyuka itaifuata na buluu yote itageuka doa la mafuta.